Cheti hakisomeki: kutafuta hitilafu wakati programu inapopakia na kuchanganua vyeti vya kidijitali

Cheti kikigoma kupakiwa, waandishi wengi wa programu hukimbilia kubadilisha msimbo. Mara nyingi msimbo hauna kosa. Faili imekuja katika muundo ambao maktaba haikuutarajia, imeharibika njiani, au ni kitu kingine kabisa kilichobandikwa jina la cheti. Dalili zilizo hapa chini ni zile zinazoripotiwa tena na tena na wanaounganisha mifumo ya mauzo na EFRIS (mfumo wa ankara za kielektroniki) ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, wanaopokea taarifa za malipo ya simu, na wanaotunza seva za shule, SACCO na zahanati. Chini ya kila dalili, sababu ya kawaida imetangulia na ile ya nadra imekuja nyuma.

Kabla ya kugusa chochote, fanya nakala ya faili na ushughulike na nakala hiyo. Ukiwa kwenye Linux, anza na `umask 077` ili faili utakazozalisha zisisomwe na watumiaji wengine wa seva. Cheti chenyewe ni cha umma, unaweza kumwonyesha yeyote. Ufunguo wa siri haubandikwi kwenye tovuti ya "kukagua vyeti", haupitishwi kwenye kundi la WhatsApp, hautumwi kwa barua pepe.

Kisha endesha amri hii:

```
openssl x509 -in cheti.crt -noout -subject -issuer -dates
```

Ikichapa jina, mtoaji na tarehe, cheti kinasomeka, na tatizo lako ni la uaminifu, la ufunguo au la saa. Ikigoma, tatizo ni la faili. Kuna mtego mmoja: OpenSSL, chombo kinachoendesha amri hii, kuanzia toleo la 3.0 hutambua yenyewe kama faili ni PEM (maandishi yenye mistari ya BEGIN na END) au DER (baiti tupu). Kwa hiyo amri inaweza kufaulu huku programu yako, iliyoandikiwa PEM tu, ikiendelea kulalamika. Usiishie kwenye amri hiyo, zitazame baiti zenyewe.

## Dalili: "no start line", "Unable to load PEM file", "failed to find any PEM data"

Ujumbe huu una maana moja: maktaba ilitafuta mstari wa `-----BEGIN` na haikuuona. Tazama mwanzo wa faili:

```
head -c 16 cheti.crt | xxd
```

Ukiona `30 82`, faili ni DER, yaani baiti tupu bila maandishi. Hii ndiyo sababu inayoongoza. Viendelezi `.crt` na `.cer` havikuambii lolote, kwa kuwa vyote viwili hutumika kwa PEM na kwa DER. Ama tumia kitendaji cha DER (kwenye Python ni `load_der_x509_certificate`, kwenye Go ni `x509.ParseCertificate` bila kupitia `pem.Decode`), ama geuza faili:

```
openssl x509 -inform DER -in cheti.cer -out cheti.pem
```

Ukiona `ef bb bf`, kihariri kimoja cha Windows kimeweka alama ya BOM (baiti tatu zisizoonekana zinazotaja aina ya maandishi) mbele ya vistari. Mstari wa kwanza hauanzi tena na `-----BEGIN`, ingawa kwa macho huoni tofauti. Ukiona `ff fe`, faili imehifadhiwa kama UTF-16, jambo linalotokea sana mtu anapoelekeza matokeo kwenye faili kwa alama ya `>` ndani ya PowerShell ya zamani. Tiba zake:

```
sed -i '1s/^\xEF\xBB\xBF//' cheti.pem
iconv -f UTF-16 -t UTF-8 cheti.pem > cheti-safi.pem
```

Ukiona `3c 21` au `3c 68`, ulichopakua ni ukurasa wa wavuti, si cheti. Hii huwapata wanaopakua cheti cha kati (kinachounganisha cheti chako na cha mtoaji mkuu) kwa anwani iliyoandikwa ndani ya cheti chenyewe. Anwani hizo huwa ni za `http` bila usimbaji, kwa hiyo Wi-Fi ya hoteli inayotaka uingie kwanza, au laini ya simu iliyoishiwa bando, inaweza kukurudishia ukurasa wake badala ya faili. Msimbo usiokagua hujaza ukurasa huo kwenye diski na kuuita cheti. Pakua upya kwenye mtandao wa uhakika. Kumbuka pia kwamba faili inayotoka kwenye anwani hizo kwa kawaida ni DER.

Ukiona `4c 53 30`, yaani maandishi yanayoanza `LS0tLS1CRUdJTi`, PEM imesimbwa kwa Base64 (njia ya kuandika baiti kama herufi) mara ya pili. Ni kosa maarufu kwenye siri za Kubernetes: mtu anaisimba mwenyewe, kisha chombo kinaisimba tena. Isimbue mara moja kabla ya kuipakia.

Mwanzo ukiwa sawa na ujumbe bado ni huohuo, angalia cheti kinafikaje kwenye programu. Kikipitia kigeu cha mazingira au faili ya `.env`, mistari mingi imegeuka mstari mmoja wenye herufi mbili `\` na `n` badala ya kikomo halisi cha mstari. Irejeshe kabla ya kuchanganua, kwa mfano `pem.replace("\\n", "\n")`, au bora zaidi, weka njia ya faili kwenye kigeu na usome faili yenyewe. Kwenye PHP, `openssl_x509_read` ikipewa njia ya faili bila `file://` mbele yake huichukulia njia hiyo kama maandishi ya cheti, na inashindwa. Kwenye Go, `pem.Decode` hairudishi hitilafu. Hurudisha `nil`, na programu huanguka mstari unaofuata unapogusa `block.Bytes`. Kagua `nil` kila mara.

Kuna pia faili zilizopitia Word au programu ya barua pepe, ambapo vistari vitano vimegeuzwa kuwa kistari kirefu au mstari mzima wa mapambo. Usijaribu kuzishona kwa mkono. Omba aliyekutumia aitume upya ikiwa ndani ya zip.

Sababu ya nadra: maandishi ya `Bag Attributes` juu ya `BEGIN`. Hutokea cheti kikitolewa kwenye faili ya PKCS#12 (mkoba mmoja wa cheti na ufunguo wake wa siri, wenye nenosiri). OpenSSL huyaruka, lakini baadhi ya maktaba hazifanyi hivyo. Futa kila kitu kilicho nje ya mistari ya BEGIN na END.

## Dalili: "bad base64 decode", "wrong tag", "too long", data iliyokatika

Hapa BEGIN imeonekana, ila kilicho ndani hakieleweki. Chanzo cha kwanza ni faili kutofika yote, na kwa mtandao unaokatikakatika hilo si ajabu. Kwa DER kuna hesabu rahisi: baada ya `30 82` zinafuata baiti mbili za urefu. Zikiwa `04 d2`, urefu ni 1234, ukiongeza baiti 4 za mwanzo faili lazima iwe na baiti 1238 kamili. Pungufu ya hapo imekatika. Kwa PEM, hakikisha mstari wa END upo na maandishi ya ndani yanaanza na `MII`. Cheti cha kawaida kikianza na herufi nyingine, kuna kilichopotea mwanzoni.

Chanzo cha pili ni kuita kitendaji cha cheti kwenye kitu kisicho cheti. Soma neno lililo baada ya BEGIN. `CERTIFICATE REQUEST` ni ombi, yaani ulichompelekea mtoaji, si alichokurudishia. `PKCS7` ni mkoba wa vyeti, nao hufunguliwa kwa `openssl pkcs7 -print_certs -in mkoba.p7b -out vyeti.pem`. `RSA PRIVATE KEY` ni ufunguo wa PKCS#1, `PRIVATE KEY` ni PKCS#8, na maktaba nyingine hukubali mmoja tu. `openssl pkey -in wa-zamani.pem -out pkcs8.pem` hukupa PKCS#8.

Ikiwa bado, `openssl asn1parse -i -in cheti.pem` itachapa muundo tabaka kwa tabaka hadi pale inapokwama. Hapo ndipo uharibifu ulipo. Usiandike kichanganuzi chako cha ASN.1 (kanuni za muundo wa ndani wa cheti) ili kuvuka sehemu hiyo. Makosa madogo ya kuhesabu urefu katika vichanganuzi vya aina hiyo yamewahi kufungua milango mikubwa kwa wavamizi, na cheti kilichoharibika hakina haki ya kupita.

## Dalili: PKCS#12 au hifadhi ya Java inakataa kufunguka

Java hutoa ujumbe unaoonekana kama mafumbo, lakini namba zilizomo husema kila kitu.

`toDerInputStream rejects tag type 45`: 45 ni kistari. Umeipa PEM mahali ilipotarajia PKCS#12. Igeuze:

```
openssl pkcs12 -export -in cheti.pem -inkey ufunguo.pem -certfile kati.pem -name duka -out duka.p12
```

`lengthTag=109, too big`: faili ni JKS, hifadhi ya zamani ya Java, ambayo baiti zake za mwanzo ni `fe ed fe ed`, na inafunguliwa kama PKCS#12. Tangu Java 9 aina ya msingi ni PKCS12. Ama taja aina `JKS` kwenye usanidi, ama hamisha kwa `keytool -importkeystore` ukiweka `-deststoretype PKCS12`.

`lengthTag=111, too big`: faili ilikuwa nzima, Maven (chombo cha kujenga miradi ya Java) ndiye aliyeiharibu. Uchujaji wa rasilimali huisoma kama maandishi ya UTF-8, na baiti zisizoeleweka hubadilishwa kuwa `ef bf bd`. Linganisha ukubwa wa faili ndani ya `src` na ile iliyo ndani ya `target`. Zikitofautiana umempata mhalifu. Ongeza `p12`, `pfx` na `jks` kwenye `nonFilteredFileExtensions`, kisha jenga upya. Usiihariri faili iliyoharibika kwa namna yoyote, baiti zilizobadilishwa hazirudi.

`keystore password was incorrect`: amini ujumbe kwanza. Nafasi mwishoni mwa nenosiri, au kikomo cha mstari kilichobaki liliposomwa kutoka kwenye faili, vinatosha kulivunja. Alama kama `$` na `!` huliwa na ganda la amri usipozifunga kwa alama za nukuu moja.

Nje ya Java, faili ya `.pfx` iliyofunguka miaka yote huanza kugoma siku seva ilipohamia Ubuntu 22.04, ikileta ujumbe wenye `RC2-40-CBC` na `unsupported`. OpenSSL 3 imeweka kando usimbaji huo dhaifu. Faili haijaharibika na nenosiri ni sahihi. Ifungue mara moja kwa njia ya zamani, uifunge upya kwa mpya:

```
openssl pkcs12 -legacy -in zamani.pfx -noenc -out muda.pem
openssl pkcs12 -export -in muda.pem -out mpya.p12
shred -u muda.pem
```

`muda.pem` ina ufunguo wa siri ulio wazi, kwa hiyo mstari wa tatu si wa hiari. Kuwasha njia ya zamani kwa seva nzima kwa ajili ya faili moja ni bei kubwa mno.

## Dalili: "key values mismatch", "private key does not match public key"

Cheti kinasomeka, ufunguo unasomeka, lakini si jozi. Karibu kila mara mtu alitengeneza ombi mara mbili, akapeleka la kwanza kwa mtoaji na kuhifadhi ufunguo wa pili. Hakikisha kwa amri hizi mbili, matokeo yake lazima yalingane herufi kwa herufi:

```
openssl x509 -in cheti.pem -noout -pubkey | openssl sha256
openssl pkey -in ufunguo.pem -pubout | openssl sha256
```

Zinafaa kwa RSA na kwa mikunjo ya EC pia, tofauti na njia ya zamani ya kulinganisha `modulus`, inayohudumia RSA peke yake.

Sababu ya pili ni mpangilio ndani ya faili ya mnyororo. Cheti cha seva yako lazima kiwe cha kwanza, ndipo vya kati vifuate. Cha kati kikitangulia, programu hulinganisha ufunguo wako na cheti cha mtu mwingine. Ikiwa ufunguo haupatikani popote, acha kutafuta: hauwezi kukokotolewa kutoka kwenye cheti. Tengeneza mpya na uombe cheti upya. Ukijaza ombi, nchi huandikwa `UG`. Ukiandika `Uganda`, OpenSSL itakujibu `string too long:maxsize=2`.

## Dalili: kinasomeka ila hakiaminiki

`unable to get local issuer certificate`, `unable to verify the first certificate`, `PKIX path building failed`, `certificate signed by unknown authority`: majina manne ya jambo moja. Programu haikuweza kupanda kutoka kwenye cheti hadi kwenye mzizi, yaani cheti cha mtoaji mkuu, inaoujua.

Kwanza kagua seva, kwa kuwa mara nyingi haitumi cheti cha kati. Kivinjari kinaweza kuficha kosa hili kwa kujitafutia cheti hicho, ndiyo maana "kwenye Chrome inafunguka" si ushahidi.

```
openssl s_client -connect seva.example:443 -servername seva.example -showcerts </dev/null
```

Ukiona cheti kimoja tu, seva ndiyo yenye kosa. Wanaotumia Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure, wameelekeza `cert.pem` badala ya `fullchain.pem`.

Pili, kagua hifadhi ya mizizi inayotumiwa na programu yako, si ile ya mfumo. Hapa watu hupoteza siku nzima. Kuweka cheti kwenye `/usr/local/share/ca-certificates` na kuendesha `update-ca-certificates` kunasaidia programu zinazosoma hifadhi ya mfumo (na faili lazima iwe PEM yenye jina linaloishia `.crt`). Lakini `requests` ya Python hutumia hifadhi ya certifi, hivyo ielekeze kwa `REQUESTS_CA_BUNDLE`. Java inaweza kuwa na `cacerts` yake. Node huja na orodha yake, nawe huongeza kwa `NODE_EXTRA_CA_CERTS`, inayosomwa mchakato unapoanza tu.

Tatu, ofisi yenye proksi inayofungua mawasiliano. Mtoaji anayeonekana kwenye `s_client` atakuwa jina la kifaa cha ofisi. Muulize msimamizi wa mtandao akupe cheti cha mzizi cha proksi hiyo. Ukiona mtoaji usiyemjua na hauko nyuma ya proksi yoyote, simama hapo, usiendelee kutuma nywila wala data.

Nne, simu za zamani. Android zilizo chini ya 7.1.1 hazina mzizi wa ISRG Root X1 wa Let's Encrypt, na saini mtambuka (saini ya mtoaji mwingine wa zamani) iliyozibeba iliisha Septemba 2024. Mawakala wako wakiwa na simu hizo, hakuna marekebisho ya seva yatakayozisaidia ukibaki na Let's Encrypt. Ama uweke mzizi ndani ya programu ya simu, ama utumie mtoaji mwingine.

Kuna "tiba" moja inayozunguka kila mahali: `verify=False`, `InsecureSkipVerify: true`, `NODE_TLS_REJECT_UNAUTHORIZED=0`. Hizi zinazima ulinzi wote. Yeyote aliye katikati ya njia anaweza kusoma na kubadilisha ankara, namba za simu na kiasi cha malipo, na programu yako haitamtambua. Zisiingie kwenye mfumo halisi hata kwa saa moja, kwa sababu msimbo wa "kujaribu tu" husahauliwa ukabaki.

## Dalili: "not yet valid" au "has expired" ilhali tarehe ni sawa

Endesha `timedatectl`. Kompyuta iliyozimika ghafla umeme ulipokatika, ikiwa na betri ya CR2032 iliyokufa, huamka na tarehe ya zamani, na kila cheti kipya huonekana hakijaanza. Badilisha betri na uwashe chrony au systemd-timesyncd.

Saa ikiwa sawa, kagua msimbo. Nyakati ndani ya cheti ni za UTC, sisi tuko saa tatu mbele. `notAfter=Mar 14 23:59:59 2026 GMT` ni saa nane na dakika 59 usiku wa tarehe 15 Machi hapa Kampala. Msimbo unaoisoma kama saa ya hapa hukitangaza cheti kimekufa saa tatu kabla ya wakati wake. Kwenye maktaba ya cryptography ya Python tumia `not_valid_after_utc`, iliyopo tangu toleo la 42. Anayechanganua mwenyewe akumbuke kwamba tarehe hadi mwaka 2049 huandikwa kwa tarakimu mbili za mwaka, na kuanzia 2050 kwa nne.

Umehuisha cheti na wateja bado wanaona cha zamani? Mchakato ulikisoma ulipowaka na haujakisoma tena. Ipe Nginx `reload` kupitia ndoano ya certbot (chombo kinachohuisha vyeti vya Let's Encrypt), au andika msimbo wako uangalie faili upya. Kwenye kontena, kosa la kawaida ni kuunganisha `/etc/letsencrypt/live` peke yake. Faili za humo ni viungo vinavyoelekea `archive`, na bila folda hiyo utaambiwa faili haipo. Haya yatazidi kuuma: muda wa juu wa vyeti vya wavuti umeshuka hadi siku 200 kwa vinavyotolewa kuanzia tarehe 15 Machi 2026, utakuwa 100 kuanzia Machi 2027 na 47 kuanzia Machi 2029. Kuhuisha kwa mkono hakutawezekana tena.

## Dalili: kimechanganuliwa, ila thamani si sahihi

Namba ya cheti inaweza kufika baiti 20. Haiingii kwenye `BIGINT`, na JavaScript itaikata kimyakimya ikiichukua kama namba ya kawaida. Ihifadhi kama maandishi ya heksadesimali.

Jina la mwenye cheti lisikatwe kwa mkato. `O=Mbegu, Dawa na Vifaa` ni shirika moja, na matoleo tofauti ya OpenSSL huchapa jina hilo kwa maumbo tofauti. Tumia vitendaji vya maktaba kupata kila sehemu. Jina la seva litafutwe kwenye SAN (orodha ya majina ya seva ndani ya cheti), si CN (jina lililo kwenye sehemu ya mwenye cheti). Go imeacha kuitazama CN tangu toleo la 1.15.

Faili ina vyeti vitatu lakini umepata kimoja: `load_pem_x509_certificate` husoma cha kwanza tu, ile yenye wingi `load_pem_x509_certificates` husoma vyote. Kwenye Go, zungusha `pem.Decode` hadi `rest` iishe.

Cheti kilichopita miaka yote kikikataliwa na toleo jipya la maktaba, pengine kina kasoro ya kuzaliwa. Go 1.23, kwa mfano, hukataa namba hasi. Mtoaji akitoe upya. Kurudi kwenye toleo la zamani ni kununua muda tu.

## Mahali pa kuacha

Tokeni ya USB au HSM (vifaa vya kutunza funguo za siri) hujifunga baada ya PIN kukosewa mara chache, na nyingine hufuta funguo kabisa. Ukikosea mara ya pili, mpigie msimamizi wake.

Ufunguo wa siri ukionekana kwenye ghala la msimbo, kwenye kumbukumbu za seva au kwenye simu ya mtu, kufuta faili hakutoshi. Mjulishe mtoaji. Kwa vyeti vya wavuti, mtoaji akithibitisha kwamba ufunguo umevuja anatakiwa kubatilisha ndani ya saa 24. Tengeneza ufunguo mpya kabisa, usiombe cheti kipya kwa ule ule. Ikiwa data za wateja zimeguswa, Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakutaka uripoti mara moja kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Kwa msaada wa kiufundi wa tukio lenyewe, wasiliana na CERT.UG, timu ya kitaifa ya dharura za kompyuta iliyo chini ya NITA-U (mamlaka ya teknolojia ya habari ya Uganda), na usiwashe upya wala kusafisha seva kabla hawajakuambia, kwani ushahidi mwingine hukaa kwenye kumbukumbu ya muda na hupotea mashine ikizimwa.